Habari za Nywele Fupi na Namna ya Kuzikausha Nyumbani

Katika Kiswahili maneno ya kazi ya nywele ni maneno ya kazi ya ukili. Mwanamke asukaye mkeka ndiye asukaye nywele. Miyaa huchanwa, na nywele huchanwa. Uzi husokotwa, na nywele husokotwa. Hata jina la mwenye kazi hiyo, msusi, ni jina la asukaye. Lakini mwenye kuuliza Ulaya habari za kutengeneza nywele fupi atapewa maneno ya mahali pengine kabisa: koleo, chuma cha moto, wimbi, pini, upepo. Hayo ni maneno ya mhunzi na ya dobi. Tofauti hii si bahati tu. Imetokana na nywele zenyewe, na zaidi na urefu wake. Naye afuataye habari za wanawake wa Ulaya na Marekani tangu walipokata nywele zao ataona jinsi chombo kimoja kilivyopotea, na vyombo vingi vikaja kushika mahali pake. Chombo kilichopotea ni msuko.

Kwanza yatupasa tueleze asili ya jambo, maana pasipo hiyo vyombo hivi vyote vitaonekana kuwa michezo ya anasa. Unywele umefanyizwa kwa keratini, ambayo ndiyo iliyomo katika kucha, na pembe, na sufu ya kondoo. Ndani yake mna nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo zimefungana kwa vifungo vya namna mbili. Vya kwanza ni vya salfa, vina nguvu, na maji hayawezi kuvilegeza. Vya pili ni dhaifu lakini ni vingi sana, na hivyo maji huvifungua mara moja. Maji yakiisha kutoka, vifungo hivyo hujifunga tena, wala havifungi mahali pa kwanza, bali palepale unywele ulipo wakati ule. Ukiwa umepindwa, utakaa umepindika. Ukiwa umenyoshwa, utakaa umenyoka. Mpaka ulowe tena, au hewa ijae unyevu. Karibu na mwaka 1930, William Astbury, mtaalamu wa chuo kikuu cha Leeds katika Uingereza, mji wa wafuma sufu, alipiga picha za eksirei za sufu na za nywele za watu, akaonyesha kwamba nyuzi zile za ndani zimekunjamana, na unywele ukivutwa katika maji au mvuke hukunjuka, kisha waweza kurudi kama ulivyokuwa. Unywele uliolowa waweza kuvutwa ukaongezeka karibu theluthi ya urefu wake bila kukatika.

Basi msomaji alishike neno hili moja, nayo mengine yatafuata: nywele hupata umbo lake zinapokauka. Ashikaye nywele wakati ule ndiye azipaye umbo.

Wenye nywele ndefu hawana haja ya chombo cha kuzishika, maana nywele hujishika zenyewe. Mwanamke wa Ulaya wa karne ya 19 alisuka nywele zake kabla ya kulala, na asubuhi alipozifumua alikuta zimefanya mawimbi. Akitaka zipindike zaidi alizifunga kwa vipande vya nguo kuukuu au vya karatasi. Tena uzito wa nywele ndefu ni kama jiwe la timazi, huzivuta zikashuka zenyewe. Taabu yake ilikuwa katika kukausha. Nywele zifikazo kiunoni hazikauki upesi katika nchi ya baridi. Mwenye nazo alikaa saa nyingi ameupa moto mgongo, na kwa hiyo wengi hawakuosha vichwa ila mara moja katika majuma kadha wa kadha. Kazi ya kila siku ilikuwa brashi, si maji.

Mtu wa kwanza kuleta uhunzi katika jambo hili kwa ustadi mkubwa alikuwa Marcel Grateau, msusi wa Paris, aliyezaliwa mwaka 1852. Yapata mwaka 1872 alianza kutumia koleo lenye miguu miwili, mmoja mviringo na mmoja wenye mfuo, na kwa kuligeuza mkono huku na huku aliweza kufanya mawimbi mapana, si vikunjo vidogo kama vya sufu. Koleo lilipashwa moto juu ya mwali wa gesi au wa taa ya spiriti. Kipimo cha moto kilikuwa karatasi nyeupe: koleo likiiunguza karatasi, sharti lingoje lipoe. Kazi hiyo yataka nywele zilizokwisha kukauka, maana chuma cha moto kikigusa nywele zenye maji, maji yaliyo ndani hutokota na kuupasua unywele. Mafundi walilijua hilo kwa pua kabla halijaandikwa na mtaalamu ye yote. Umbo lile likaitwa kwa jina lake Marcel, na kwa muda wa miaka hamsini koleo lake lilikuwa katika kila duka la wasusi, na katika nyumba nyingi pia, limewekwa karibu na jiko.

Kisha nywele zikakatwa. Mwaka 1909 Antoine, msusi mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Paris, alimkata mchezaji wa thieta Ève Lavallière nywele fupi, ili aonekane kijana. Na karibu na mwaka 1915 Irene Castle, mcheza dansi wa Marekani, alipoonekana na nywele zilizoishia chini ya masikio, wanawake wengi walimfuata. Vita Kuu ya 1914 hata 1918 ikaongeza, maana wanawake waliingia katika viwanda, na nywele ndefu karibu na mashini ni hatari. Baada ya vita jambo likawa kama moto wa nyika. Wasusi wa kike wengi hawakujua kukata, wengine hawakutaka, basi wasichana walikwenda kwa vinyozi wa wanaume, wakakaa katika viti vya baba zao. Mwandishi F. Scott Fitzgerald alitoa mwaka 1920 hadithi ya msichana Bernice aliyekatwa nywele katika duka la kinyozi, na wasomaji wake walijua mara moja ni jambo la namna gani. Kufika katikati ya miaka ya 1920 nywele za kisogoni zilikuwa zikinyolewa kabisa, na mtindo mmoja wa Uingereza ulipewa jina la shule ya wavulana ya Eton. Wahubiri wengi wa siku zile walishika mlango wa 11 wa Waraka wa kwanza kwa Wakorintho na kupigana nao. Hatutaki kuyaamsha mabishano yale. Twataka kutazama jambo dogo zaidi, ambalo wahubiri hawakuliuliza.

Waliosifu nywele fupi walisema mambo matatu: huoshwa upesi, hukauka upesi, wala hazina kazi. Mawili ya kwanza yalikuwa kweli. La tatu halikuwa kweli, na sababu yake imo katika yale tuliyoyasema juu ya maji. Nywele fupi za singa haziwezi kusukwa zikashikana, haziwezi kufungwa, wala hazina uzito wa kuzivuta. Zikikauka upesi, basi hupata umbo upesi, na umbo lenyewe ni lile lililopewa na mto wa kulalia. Mwanamke mwenye nywele ndefu aliamka, akazisokota, akazifunga kisogoni, yakaisha. Binti yake mwenye nywele fupi aliamka na nywele timutimu, wala hakuwa na mahali pa kuzificha.

Basi wanawake wakatafuta njia ya kuzishika zikiwa maji, nayo njia iliyoenea sana nyumbani ilikuwa mawimbi ya vidole. Yafaa tuieleze kwa urefu kidogo, kwa kuwa haihitaji chombo ila kitana, tena yaonyesha akili ya mikono kuliko mashini zote zilizoifuata. Nywele huoshwa na kukamuliwa kwa kitambaa, zisichuruzike wala zisikauke. Hupakwa ute: wengine walichemsha mbegu za kitani mpaka maji yawe mazito kama uji mwembamba, wengine mbegu za tunda la mkwinsi, wengine waliroweka ulimbo wa miti. Kisha nywele hugawanywa kwa kitana na kulazwa. Kidole cha shahada hukandamizwa juu ya kichwa. Kitana huingizwa chini yake na kuvutwa kwenda upande mmoja kadiri ya upana wa kidole, mpaka nywele zinyanyuke kidogo kama tuta. Tuta lile hubanwa kati ya vidole viwili. Chini yake kitana huvutwa upande wa pili, likafanyika tuta jingine, na hivyo hivyo kushuka mpaka shingoni, umbo likawa kama herufi S iliyofuatana na nyingine. Kisha kichwa hufunikwa wavu, na mtu hukaa kimya asikiguse mpaka kikauke. Akikosa subira na kuchana nywele kabla hazijakauka zote, kazi yote huharibika. Vifungo vya ndani havijafunga bado.

Njia ya pili ilikuwa kuviringisha shada dogo la nywele mbichi katika kidole mpaka liwe pete bapa, na kulibana kichwani. Kwa kazi hiyo ilipatikana pini mpya, waya mmoja uliokunjwa mara mbili, mguu mmoja umenyoka na mwingine una mawimbi, ili usiteleze. Wamarekani waliipa jina lililotokana na jina la nywele fupi zenyewe, na Waingereza waliiita kwa jina la wenye kiwanda cha Birmingham, Kirby. Ni kitu cha bei ndogo mno, walakini twathubutu kusema kwamba pini ile ndiyo msuko wa nywele fupi. Wanawake walilala nayo kichwani, kitambaa juu yake, na asubuhi waliitoa. Usiku ulifanya kazi ya jua.

Lakini si kila mtu aliweza kungoja usiku, na hapo twaja kwenye upepo. Karibu na mwaka 1890 Alexandre Godefroy, msusi Mfaransa, alifanya kofia kubwa iliyoungwa na bomba la hewa ya moto kutoka jiko la gesi, na mwanamke alikaa chini yake mpaka akauke. Chombo hicho hakingeweza kuhamishwa, wala kuwekwa nyumbani. Mashini za umeme za kufyonza vumbi zilipoingia katika nyumba, watu walivumbua kwamba upande mmoja hufyonza na upande wa pili hupuliza hewa yenye joto la mtambo; basi palikuwa na matangazo yaliyomwonyesha mama wa nyumba akielekeza bomba la mashini ya vumbi kwenye nywele zake. Wasomaji wasicheke. Joto lilikuwa kidogo na upepo mwingi, na hivyo ndivyo nywele zipendavyo.

Katika Ujerumani, kabla ya Vita Kuu ya 1914, kampuni ya Sanitas ya Berlin ilitengeneza kikausha nywele cha kushika mkononi, ikakipa jina la Fön. Jina hilo ni la upepo wenye joto ushukao kutoka milima ya Alpi na kuyeyusha theluji kwa siku moja. Mpaka leo Wajerumani wa kawaida hawakiiti chombo hicho kwa jina la kazi yake bali kwa jina la upepo ule, kana kwamba sisi tungekiita kaskazi. Kwa wenye kupenda lugha huo ni mfano mzuri: jina la biashara lililoibwa kwa dunia, likageuka kuwa neno la watu wote.

Yapata mwaka 1920 vyombo vya mkononi vilianza kuuzwa kwa wingi Marekani. Vilikuwa vya chuma na alumini, uzito wake karibu kilo moja, na nguvu yake kama wati 100, hali vya siku hizi vina wati 1,500 hata 2,000. Mkono ulichoka kabla nywele hazijakauka. Tena nyumba nyingi za Uingereza hazikuwa bado na umeme katika miaka ile, hata mama aliyekuwa na fedha ya kununua chombo hakuwa na mahali pa kukichomeka. Hatari nayo ilikuwapo, maana palipo na maji hapafai umeme. Hata mwaka 1979 watengenezaji wa Marekani ilibidi waache kutia asbesto ndani ya vyombo hivyo, kwa kuwa nyuzi zake zilipulizwa pamoja na hewa zikaingia katika mapafu. Na mwaka 1991 waliagizwa kila chombo kiwe na kinga ya kukata umeme kikianguka majini.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kwa muda wa miaka arobaini chombo cha mkononi kilikausha tu, hakikuunda. Umbo lilitengenezwa kwa pini, na baadaye kwa vibomba vya kuviringia, wanavyoviita wasusi wetu rola, na upepo uliletwa mwisho. Katika miaka ya 1950 wanawake wa mijini Ulaya na Marekani walikwenda kwa msusi kila juma, wakaviringwa, wakakaa chini ya kofia ya moto, wakapulizwa dawa ya kugandisha nywele, kisha hawakuthubutu kulowa mpaka juma la pili. Nywele zilizokatwa ili kumwekea mtu wakati wake zilikuwa zimeuchukua wote tena.

Aliyekata kamba hiyo alikuwa Rose Evansky, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani aliyekimbilia Uingereza akiwa msichana, kabla ya vita ya 1939, akafungua duka la wasusi katika London. Mwaka 1962 alimwona kinyozi wa wanaume akikausha nywele za mbele za mteja, brashi katika mkono mmoja na kikausha nywele katika mkono wa pili. Akajiuliza kwa nini asifanye hivyo kwa mwanamke. Akajaribu, bila rola, bila kofia: brashi ikavuta nywele, na upepo ukaja juu yake wakati uleule. Kushika na kukausha vikawa tendo moja. Wasomaji watakumbuka kwamba nywele za wanawake zilikatwa kwanza katika viti vya vinyozi. Na hata fundisho hili la pili lilitoka kwa kinyozi. Mwenzake katika mji uleule, Vidal Sassoon, alikwenda njia nyingine katika miaka ile ya 1960: alizikata nywele kwa hesabu hata zikaanguka mahali pake zikikauka, mkasi wenyewe ukawa ndio chombo cha kuunda. Kwa njia hizo mbili kazi ilirudi nyumbani, na katika miaka ya 1970 kikausha nywele na brashi ya mviringo vilikuwa vitu vya kawaida katika chumba cha kulala.

Yote tuliyosema mpaka hapa yalikuwa juu ya nywele za singa. Wanawake weusi wa Marekani walipewa vyombo vilevile kwa nywele za namna nyingine. Kitana cha chuma au shaba, kilichopashwa moto juu ya jiko, kilijulikana Ulaya katika karne ya 19. Si kweli, kama wengi wasemavyo, kwamba kilivumbuliwa na Madam C. J. Walker, aliyezaliwa mwaka 1867 na kufa mwaka 1919. Yeye, na Annie Malone aliyemtangulia, waliuza mafuta na dawa za kichwa, wakawafundisha wanawake maelfu kazi yenye mshahara, nayo sifa hiyo yatosha. Kazi ya kitana cha moto ilifanywa jikoni, siku ya Jumamosi, mtoto ameinama na kushika sikio lake lisiungue. Adui alikuwa maji: tone la mvua au jasho la shingoni, na vifungo vilivyofungwa kwa moto vilifunguka, nywele zikarudi kwao. Mambo ya dunia ni ya ajabu, maana katika miaka ileile Josephine Baker, mwanamke mweusi aliyezaliwa St. Louis mwaka 1906 na kufika Paris mwaka 1925, alilaza nywele zake fupi kichwani ziking'aa kama wino, na wanawake wa Kifaransa walinunua mafuta yaliyoitwa Bakerfix ili wafanane naye.

Sasa twarudi kwenye ukili. Nywele za kipilipili zina jambo moja ambalo singa haina: hata zikiwa fupi kadiri ya pingili moja ya kidole, hushikana. Kwa hiyo msusi wa pwani au wa bara aweza kulitwaa shada fupi lenye unyevu, akalizungushia uzi kutoka shinani mpaka nchani, akalikaza. Nywele haziwezi kujikunja zikikauka, kwa kuwa uzi umezishika. Siku ya pili uzi ukifunguliwa, nywele zimenyoka na kurefuka machoni mwa watu, bila moto, bila umeme, bila harufu ya kuungua. Wengine hufanya vivyo hivyo kwa kusuka mafundo makubwa usiku, waitayo mabutu, na kuyafumua asubuhi. Kwa kipimo cha Astbury kazi ile ni sawasawa na ya koleo la Marcel na brashi ya Evansky: unywele umevutwa katika maji, ukashikwa, ukakauka. Tofauti ni kwamba chombo chake ni uzi wa senti chache, na fundi wake mara nyingi ni dada au shangazi aliyeketi kizingitini.

Twaandika hivi tukiwafikiria hasa waalimu wa shule za wasichana. Ziko shule nyingi katika nchi zetu ziagizazo wasichana wakate nywele, na sababu itolewayo ni ile ile ya miaka ya 1920, kwamba nywele fupi hazina kazi. Kwa nywele zilizonyolewa karibu na ngozi ni kweli. Lakini zikiachwa ziote kidogo tu, na zikikatazwa uzi na msuko, hukauka zimejikunja na kushikamana, na kuzichana kwa kitana chenye meno ya karibu ni maumivu na kukatika. Msichana aweza kupewa chanuo lenye meno mapana, maji kidogo na mafuta ya nazi, naye afundishwe kuchana zikiwa na unyevu, akianza nchani na kupanda shinani. Jambo hilo halidai dakika kumi.

Limebaki neno la lugha. Vitabu vyasema kikausha nywele. Wasusi wa mijini husema draya, na tendo lake ni kuseti au kupuliza. Sisi hatuna ugomvi na draya, maana chombo kilikuja na jina lake. Ila twasikitika kuona kwamba wasichana wengi waijuao draya hawajui tena kutofautisha chanuo na kitana, wala hawajui kwamba denge ni mtindo wa kunyoa. Twawaomba waalimu walio karibu na wasusi wazee wawaulize majina ya misuko ya uzi katika mahali pao, jina la kila namna ya kuuzungusha na la kila namna ya kuufunga, wayaandike pamoja na jina la mji, na kutuletea.